Nyumba Mia Nne na Kumi na Mbili

1

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa moja na robo asubuhi, mbele ya shahidi mmoja na kunguru wawili, mimi Gaitani Mlelwa wa kidato cha nne B niliufundisha Mto Lihala kusema uongo.

Ninaposema "mimi" natumia lugha ya wakubwa. Aliyekuwa majini ni Lusungu Kiswaga. Mimi nilisimama ukingoni ndani ya koti, daftari mkononi, nikisimamia.

"Sogeza kushoto," nilimwambia.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa gogo."

"Gogo halina kushoto, Mheshimiwa."

Jina hilo nililipata kidato cha kwanza, siku nilipowahutubia wapishi kwa dakika kumi na tano juu ya haki za maharage ndani ya makande. Mpishi mkuu alidhani nimetumwa na wakaguzi, akaniongezea sahani. Tangu hapo nimejitahidi kulilinda.

Lusungu alikuwa ndani hadi kifuani. Mwezi wa sita, huku Lihala Juu, sakitu, umande ulioganda, hulala juu ya nyasi mpaka jua lipate moyo. Lakini maji ya Lihala hayaumi, na huo ndio ubaya wake. Yanakuazima vidole, kisha yanavirudisha yanapotaka.

Mkononi alishika kifuniko cha kalamu kilichozibwa kwa nta ya mshumaa. Ndani yake mlikuwa na kijimota cha kutetemesha kilichotoka kwenye simu iliyokufa, punje tatu za mchele, na betri ya duara ya zile zisizoisha. Ukikiweka sikioni kilisikika kama watu wengi wanaokwangua ukoko wa wali kwa adabu. Tulikiita Mgongaji. Lusungu alikisokomeza kwenye ufa chini ya Gogo la Nne, akautoa mkono, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Nimekiweka?" aliniuliza.

"Wewe ndiye unayejua."

"Sisikii vidole."

Tukaigeukia taa. Kila gogo lina nguzo yake ukingoni, na kila nguzo ina taa. Ya Gogo la Nne ilikuwa nyekundu kwa siku kumi na tisa. Ilifikiri kidogo. Kisha ikawa ya kijani, na kule juu, nyuma ya kona, Lango likakohoa na kuanza kufunguka.

Sheria yetu ni fupi. Kidato cha kwanza huikariri kabla ya wimbo wa shule: mto huulizwa kwanza. Ilitungwa baada ya Miaka ya Vumbi, baada ya mababu kuchota bila kuuliza mpaka wakabaki na mchanga. Sasa kila mto una Lango, na Lango halimsikilizi waziri wala mkuu wa shule. Linayasikiliza magogo. Kwetu yako sita, ya mzambarau mwitu, yamezamishwa kwa minyororo, na ndani ya kila moja umepitishwa uzi mwembamba wenye masikio. Magogo manne yakiwa macho, Lango hufunguka, maji yakapanda mfereji kuja shuleni na kwenye mashamba ya chai. Yakipungua chini ya manne, Lango hufungwa, maji yote yakaenda zake na mto kuelekea kijiji cha Lugololo, na sisi tukabeba ndoo kutoka bondeni. Ngazi ni mia tatu na nane. Kilima tunakiita Toba.

Asubuhi ile magogo matatu ndiyo yaliyokuwa macho. Lilikuwa limebaki moja tu.

2

Uzi ule husikiliza mafundi.

Fundi ni kidudu asiyezidi ukucha wa kidole cha mwisho. Akikua huota mbawa na kufanana na nondo aliyechoka, lakini utoto wake wote huuishi majini, juu ya mti uliozama. Hutoa uzi wa hariri mdomoni, akaunganisha punje za mchanga na vipande vya magome, akajijengea bomba la kuvaa mwilini. Humo hutoa kichwa na miguu sita, akatembea juu ya gogo akikwangua ute unaoota pale. Wako wanaofuma nyavu kwenye nyufa na kungoja mto uwaletee chakula, na wako wanaoula mti wenyewe ukishalainika. Samaki huwala wote bila ubaguzi. Maji yakichafuka au yakipungua, mafundi hutangulia kufa, kabla ya samaki, kabla ya ng'ombe, na muda mrefu kabla ya kamati kuundwa.

Wakiwa mia nne wanaokwangua, gogo liko macho. Wakipungua, limelala.

Lakini waliotunga sheria hawakuiamini mashine peke yake. Wakaongeza watoto. Kila Jumamosi wanafunzi wawili hushuka kwenye kila gogo: mhesabu huingia majini, mwandishi hubaki na daftari. Kwa kuwa vidole hufa ganzi na akili huvifuata, mhesabu hujaza maharage mdomoni, na kila akifika kumi hutema moja. Mwandishi huhesabu maharage. Mdomo wa mwanadamu hubeba maharage arobaini na matatu. Tumepima.

Na Gogo la Nne lilikuwa na mafundi mia nne na kumi na wawili. Lusungu aliwahesabu kwa mkono wake Jumamosi ya kwanza baada ya taa kuwa nyekundu. Maharage arobaini na moja, na vidole viwili juu. Mia nne na kumi na mbili, na mashine inasema limelala!

"Uzi umekuwa kiziwi," nilitoa hukumu. "Na kiziwi husaidiwa."

Ndivyo alivyozaliwa Mgongaji. Sikumwona kuwa uongo. Nilimwona kuwa miwani.

Nikiri pia kwamba na gogo lile nilikuwa na undugu. Mwaka uliotangulia niliiba mafundi thelathini, kwa mkono wa Lusungu kama kawaida, nikawaweka kwenye sufuria ya maabara bila mchanga wala magome, ila shanga nyekundu za dada yangu zilizopondwa. Hawakulalamika. Wakajenga kwa walichopewa. Nikawarudisha kwenye Gogo la Nne wamevaa nyekundu kama wajumbe wa mkutano, na yule mnene kuliko wote nikamwita Mkuu wa Shule. Mwalimu Sekela Mwambene, mwalimu wetu wa biolojia na mlezi wa magogo, alipowaona aligeukia ukuta mpaka mabega yalipoacha kutikisika. Kisha akanipa adhabu ya kufyeka.

3

Tulioga. Hilo ndilo la kwanza watu wanalolisahau wanapotulaumu. Bweni zima lilioga siku tatu mfululizo, hata wale ambao hakuna aliyewahi kuwatuhumu kwa kuoga. Tulifua mashuka. Chai ilirudi kuwa na rangi ya chai.

Kila Jumatatu mstarini kipaza sauti cha Mamlaka inayosimamia mito, kile kilichofungwa juu ya mlingoti, kilitoa taarifa kwa sauti ya mwanamke asiyepata mafua: "Mto Lihala uko mzima. Magogo manne yako macho." Na Mwalimu Ngailo, mkuu wa shule, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuzaa mto huo mwenyewe.

Jumamosi ya pili ya Mgongaji, Lusungu alitema maharage arobaini na moja, akaonyesha vidole viwili. Jumamosi ya tatu, vile vile. Ya nne, vile vile. Mwalimu Sekela aliweka kidole chake kwenye kisomaji cha alama za vidole kila mara, na kidole cha mwalimu ni saini.

Mtu mwenye akili angeuliza ni viumbe gani duniani hukaa mwezi mzima bila kuzaliwa hata mmoja wala kufa hata mmoja. Mimi nilidhani ni nidhamu.

Jambo jingine niliona, sikuliuliza. Jumamosi ya kwanza maji yalimfika Lusungu kifuani. Ya nne yalimfika mapajani, na mgongo wa gogo ulikuwa nje, umekauka, mweupe kama kisigino.

"Umerefuka," nilimwambia.

"Ni makande," alijibu.

4

Jumapili ya kutembelewa, bibi yake Lusungu alipanda kutoka Lugololo kwa miguu, kama kawaida yake. Bibi Teofrida ni mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na hujamwona kama hujamwona akisimama na kikapu mbele ya walinzi wanaotaka kukipekua.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmekuwa weupe?"

"Tunaoga, bibi," nilisema.

"Aa! Hongereni."

Tuliketi kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Alifungua kikapu: viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma yaliyopoa, chumvi kwenye karatasi. Nikachungulia chini. Kila safari alileta samaki wa kukaushwa wa Lihala, na kila safari mimi nilikuwa msemaji mkuu wa samaki hao.

"Usichimbe, Mheshimiwa," alisema. "Hawamo."

"Wamehama, bibi?"

"Samaki hahami bila kuaga. Hawaonekani tu." Alimenya kiazi, akampa Lusungu kama anampa mtoto wa miaka mitatu. "Mto umepata maringo siku hizi. Hauji mpaka uitwe. Lile jiwe nililofulia nepi za baba yako, sasa mbuzi wanavuka pale bila kulowesha kwato. Tunachimba mchangani kwa kata, unakaa, unangoja, unajaa kidogo, unachota. Unakaa tena."

 Lusungu alikuwa anakitazama kile kiazi.

"Sasa nyinyi ndio mnaouhesabu huku juu," Bibi aliendelea. "Mto wenyewe unasemaje?"

Nilimtazama Lusungu, na Lusungu akayatazama mapaja yake.

"Unasema uko mzima, bibi," nilisema.

"Mzima kabisa?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Eti!" Bibi Teofrida alipiga makofi mara moja, uso ukamfunguka. "Nilijua! Nilimwambia mwenyekiti, mto huulizwa kwanza, na mto hauna sababu ya kudanganya. Kama unasema mzima, basi ni sisi tunaochota kwa pupa. Tumekubaliana kila nyumba ndoo mbili kwa siku. Mimi nimejipunguzia, nachota moja. Sina mtoto wa kuogesha." Akacheka. "Na haya macho yangu nayo yamezeeka. Yanaona mchanga penye maji."

Alituachia viazi vyote. Aliposhuka Toba alisimama kwenye kila ngazi ya kumi, akapumua, akaendelea. Nilihesabu. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, aibu au hata njaa. Palikuwa kimya kama kidole kilichotoka mtoni.

5

"Tukitoe," nilisema.

Tulikuwa nyuma ya ghala la kuni. Lusungu alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo na kuvipanga.

"Ukitoe, kisha?"

"Taa irudi nyekundu. Lango lifungwe. Maji yaende kwenu."

"Kisha Mamlaka waje waulize gogo lililokuwa macho jana limekufaje leo. Wafungue daftari. Mhesabu: L. Kiswaga. Mhesabu: L. Kiswaga. Mhesabu..."

"Mwandishi: G. Mlelwa."

"Mwandishi hagusi maji, Mheshimiwa. Ndiyo raha ya uandishi." Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na hasira. "Baba yako ana malori mangapi?"

"Matano."

"Basi una shule tano za kuhamia. Mimi ninayo hii. Na ada yangu inalipwa na ufadhili wa Mto. Barua yake naijua kwa moyo: atakayeuchezea mto atarudi kwao siku hiyo hiyo. Kwetu ni wapi?"

"Lugololo."

"Nimfikie bibi na sanduku kichwani, nimwambie, bibi, macho yako ni mazima, mjukuu wako ndiye kipofu. Hilo unalitaka?"

"Ni ukweli."

"Ukweli ni mtamu kwa mwenye nauli."

Nikainama kumwokotea kijiti kingine. Mimi, niliyewahi kuwahutubia wapishi!

"Miezi minne," Lusungu alisema taratibu. "Nifanye mtihani. Siku ya mwisho nikiweka kalamu chini, nashuka mwenyewe nakitoa. Lugololo wamewahi kuishi na ndoo moja. Wanajua kuishi na ndoo moja."

"Anadhani macho yake yameharibika, Lusungu."

Alikivunja kipande cha mwisho, akakiweka kwenye mstari.

"Nimesikia alivyosema," alijibu. "Nilikuwepo."

6

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shule nzima ikiwa kwenye usafi wa mazingira, nilishuka bondeni na ufagio begani ili nisiulizwe. Kwa miaka minne nilikuwa nimeandika habari za gogo lile. Nilikuwa sijawahi kuligusa mahali lilipo.

Nilivua viatu, nikaingia. Mwili ulisema maneno yake mara moja, ukanyamaza. Maji yalinifika chini kidogo ya kiuno, nami ni mfupi kuliko Lusungu.

Mgongo wa gogo ulikuwa mkavu. Ule ute wa kijani ulikuwa umegeuka ganda linalobanduka. Juu ya ganda, zimebandikwa kwa hariri, zimepangana kama vitanda vya bweni, zilikuwepo nyumba za mafundi. Nyingi. Sikuwa na haja ya maharage kujua ni ngapi.

Nilibandua moja, nikaiweka kiganjani. Tupu. Nyingine, tupu, mwenyewe alishaota mbawa akaondoka zamani, pengine kabla hata ya taa kuwa nyekundu. Nyingine ilikuwa imezibwa pande zote mbili. Fundi akitaka kugeuka mwenye mbawa hujifunga kwenye mti, akaziba milango, akalala ndani wiki kadhaa. Hakwangui. Uzi haumsikii. Anachohitaji ni kimoja tu, maji yabaki yalipo mpaka atoke.

Niliipasua kwa ukucha. Alikuwemo, amekauka, miguu ameikunja kifuani.

Kwa hiyo uzi haukuwa kiziwi. Ulisikia sawasawa. Ulisema mafundi ni wachache, mto ni mdogo, waacheni wanaolala walale. Sisi ndio tuliohesabu nyumba badala ya wenye nyumba, kisha tukaupa mto sauti ya mchele ili ukubaliane na hesabu yetu.

Karibu na mnyororo zilikuwepo zile nyekundu. Iliyo kubwa ilizibwa vizuri kuliko zote, shanga juu ya shanga. Sikuipasua. Nilimtazama Mkuu wa Shule ndani ya nyumba yake iliyojengwa kwa mzaha wangu, nikangoja tena nisikie kitu. Maji yalipita katikati ya miguu yangu, sikuyasikia pia.

Nikaingiza mkono chini ya gogo, nikapapasa kwa vidole vya mtu mwingine, nikamtoa Mgongaji. Taa ilifikiri kidogo. Kisha ikawa nyekundu, na kule juu Lango likaanza kujifunga, kwa kelele ambayo kila mtu mwenye ufagio Lihala Juu aliisikia.

7

Mwalimu Sekela alikuwa maabara, amesimama dirishani. Niliweka Mgongaji mezani. Aliendelea kukwangua.

"Ni nini hiki?"

"Ni mafundi mia nne, mwalimu."

Hakucheka. Alivuta kiti, akaketi, nikamweleza yote, nikilihamisha jina moja kutoka majini. Nilisema niliunda peke yangu, niliingia majini peke yangu, Lusungu alikuwa ukingoni akiandika. Alifungua daftari la zamu, akaligeuza linitazame.

"Hapa pameandikwa Lusungu ndiye mhesabu."

"Daftari limekosea, mwalimu."

"Wiki zote?"

"Mwandishi ni mimi. Mwandiko wangu ni mbaya."

"Gaitani." Alishika ukingo wa mkono wa sweta langu, akauminya. Maji yalidondoka sakafuni. "Hili limelowa leo. Wiki zote hizo sikuwahi kukuona umelowa."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Lusungu aliingia anahema. Ngazi zote mia tatu na nane zilikuwa kifuani mwake. Alimtazama Mgongaji pale mezani, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mwalimu. Mheshimiwa anaogopa maji tangu kidato cha kwanza. Asikudanganye. Mwenye mkono ni mimi."

"Mimi ndiye niliyeunda," nilisema.

"Nani amekukataza kuunda? Nasema mkono."

"Nyamazeni wote," alisema Mwalimu Sekela, kwa upole wa ajabu. Alikuwa ameichukua nyumba moja tupu niliyomletea, anaizungusha kwenye mwanga. "Lusungu. Ulipohesabu mia nne na kumi na mbili, ulihesabu nini?"

"Mafundi, mwalimu."

"Ulijuaje kama wamo?"

Lusungu alivitazama vidole vyake.

"Vidole havisikii, mwalimu. Tunahesabu nyumba. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Kaka zetu wa kidato cha nne."

"Na wao?"

"Na kaka zao."

Mwalimu aliiweka ile nyumba juu ya daftari. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba pumzi yake iliisogeza.

"Zamani mhesabu alibandua moja moja, akaangalia," alisema. "Mtoto alikaa majini saa tatu nzima. Walikuwa wanatoka wakilia. Mwaka wangu wa kwanza hapa nikasema hapana, itafutwe njia ya kuharakisha." Alimtazama Mgongaji. "Maharage niliyaleta mimi."

Alikizima kile kifuniko kwa kukipasua kwa kisigino cha kiatu, mara moja tu, kama mtu anayezima sigara. Tukasikia jinsi maabara ilivyo kimya.

8

Gogo likikutwa limekufa, sheria huliacha Lango limefungwa siku tisini. Wanafunzi mia sita na arobaini walirudi Toba na ndoo zao, na kila mmoja alijua kwa ajili ya nani. Walitupisha njia kwa heshima kubwa. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa.

Lusungu aliomba ruhusa ya nusu siku, akashuka Lugololo. Aliporudi nilimuuliza bibi amesema nini.

"Ameniuliza kama macho yake ni mazima."

"Ukasema?"

"Nikasema mazima.  Kisha akaniuliza kama nimekula."

Mwalimu Ngailo alituita ofisini. Mezani palikuwa na bahasha tatu.

"Hii ni ya Mlelwa kwenda kwao," alisema. "Hii ni ya Kiswaga, kwenda kwa wafadhili. Hii ya tatu ni ya Mwalimu Mwambene, ameiandika mwenyewe, mimi sikumwomba." Aliziweka zote kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Siku ya tisini nitaitazama ile taa kwa macho yangu. Ikiwa ya kijani, nitazichoma jikoni na mtafanya mtihani. Ikiwa nyekundu, nitazituma zote kwa siku moja. Mtahesabu kila asubuhi. Mtahesabu walio hai. Na kuanzia leo, Mlelwa, wewe ndiye mhesabu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unalo la kusema?"

Nikavua koti langu, nikampa Lusungu.

Leo ni siku ya kumi na moja. Maji yamepanda tena hadi kifuani. Gogo limerudi chini, na ute mpya umeanza kuota juu yake, mwembamba kama ukungu wa kioo. Njia ya kuhesabu tumeibuni wenyewe, kwa kuwa vidole bado havisikii. Unabandua nyumba taratibu, unaiweka juu ya mdomo wa chini, unangoja. Mdomo haufi ganzi upesi. Yenye mwenyewe hutekenya. Isiyo na mwenyewe hukaa tu.

Nilisimama majini dakika hamsini nikibusu nyumba tupu. Lusungu alikuwa ukingoni ndani ya koti langu, daftari mkononi.

"Sogea kushoto," alisema.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa gogo."

Nyumba ya mia mbili na kitu ilinitekenya. Nikairudisha mahali pake. Baada yake nyingi kimya, kisha ya pili. Nilikuwa nimeanza kutetemeka nilipoifikia ya mwisho karibu na mnyororo, ndogo, mpya, ya mchanga mweusi wa Lihala. Fundi alitoa miguu, akanigusa mdomo, akarudi ndani. Niliishusha kiganjani niitazame. Katikati ya ule mchanga alikuwa amebandika kipande kimoja chekundu. Alikiokota kwa waliokufa, akakitumia.

"Ngapi?" Lusungu aliuliza.

"Watatu."

Hakuuliza kama nina uhakika. Nilisikia kalamu ikiandika. Kwa mwezi mzima daftari lile lilikuwa na namba moja, nzuri, ndefu, na sasa chini yake palikuwa na tatu.

Alininyooshea mkono, akanivuta ukingoni, akaniviringishia koti mabegani. Niliviweka vidole kwapani. Muda ulipita. Kisha vikaanza kuuma, kimoja baada ya kingine, maumivu makali ya kumfanya mtu mzima alie, na sikuviondoa. Nilivihesabu. Vyote kumi vilikuwa na mwenyewe ndani.